Ukuta wa Mikono wa Bi Pindo

Chumba anacholala shangazi yangu kina ukuta ambao mgeni akiuona mara ya kwanza husimama mlangoni akasahau hata kusalimu. Umejaa mikono ya karatasi. Imekatwa kwa mkasi na kubandikwa kuanzia juu ya kitanda hadi karibu na dari, mingine vidole vyembamba, mingine minene kama mihogo, na kila mmoja umeshikizwa na kipande kidogo cha kitambaa. Kitambaa hicho ni cha nguo aliyoshonewa mwenye mkono. Karibu wenye mikono wote hatujawahi kuwaona sura.

Mtaa mzima humwita Bi Pindo, na jina hilo hakulipata bure. Fundi mwingine akishakunja upindo hupiga pasi akaenda zake. Shangazi huiondoa pasi, na kitambaa kikiwa bado cha moto hupitisha ncha za vidole juu ya mkunjo, polepole, mpaka ulale kabisa. Amefanya hivyo tangu usichana wake. Nilipokuwa mdogo nilijaribu nikaruka kwa ukelele, naye akacheka mpaka akakaa chini. "Vidole vyako bado vibichi, mwanangu," aliniambia.

Zamani alikuwa na chumba chake cha cherehani kando ya barabara, chenye kioo kirefu na benchi la wateja. Kisha barabara ikapanuliwa na vibanda vyote vikabomolewa. Barabara imekuwa nzuri, sikatai, magari yanateleza tu. Lakini cherehani ya shangazi ilihamia nyumbani kwetu, kwa kaka yake, ambaye ndiye baba yangu, na wateja hawakuifuata. Mtu aliyezoea kufungua mlango wake mwenyewe kila asubuhi akaanza kumwomba mama yangu ruhusa ya kusogeza kiti. Alikuwa akirekebisha zipu za majirani, na siku ambazo hakuna zipu alikaa sebuleni akikunja leso yake na kuikunjua. Mama alikuwa akimwambia, "Wifi, hapa ni kwako." Yeye huitikia "Ahsante," kisha huendelea kukaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mimi nafanya kazi steshenari, kazi ya kutoa nakala na kupiga chapa. Nilimfungulia ukurasa wa kuuza nguo mtandaoni ili nimwondoe pale ukingoni, basi. Mwenyewe sikuuamini mtandao hata kidogo. Niliwahi kununua simu humo, nikaletewa kipande cha sabuni ya kufulia, kimefungwa vizuri kuliko zawadi ya bibi harusi. Shangazi aliifulia sabuni ile mpaka ikaisha, huku akiisifu. "Tapeli ni tapeli," alisema, "lakini sabuni anaijua."

Mteja wake wa kwanza wa mtandaoni alikuwa muuguzi, mwanamke wa mji wa mbali ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Aliona picha ya gauni, akatuma ujumbe wa sauti akiuliza apimeje. Hakuwa na futi ya fundi. Shangazi hakutaka kumpoteza, akamjibu, "Usihangaike, mama. Pima kwa shibiri. Kifua shibiri ngapi, kiuno ngapi, urefu ngapi." Muuguzi akapima, akataja. Shangazi akatandaza kitambaa mezani, akanyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, akapima shibiri zile zile, akakata.

Nadhani umeshaona kilichotokea. Sisi hatukuona. Tulikuwa wawili chumbani, watu wazima wenye akili zetu, na hakuna aliyejiuliza shibiri ni ya mkono wa nani.

Gauni lilipofika, muuguzi alituma picha. Lilikuwa limemkaa vizuri sana binti yake wa shule ya msingi. Nilidhani tutatukanwa. Badala yake ukaja ujumbe wa sauti, na kilichosikika mwanzo ni kicheko kirefu, cha mtu anayejifuta machozi. "Fundi," alisema, "mimi mkono wangu ni huu, naomba uutazame." Ikafuata picha ya kiganja chake juu ya meza. Na kweli, lilikuwa kofi la kumlaza mtu.

Shangazi aliitazama picha ile muda mrefu. Aliikuza, akaipunguza. "Kwenye simu mkono huu unaweza kuwa wa mtoto au wa jitu," akasema. "Nitajuaje ukubwa wake?"

Mimi ndiye niliyesema betri, na najisifu kwa hilo kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu. Betri ndogo, ile ya rimoti. Ni ile ile dunia nzima, iwe dukani kwetu au kule kwa muuguzi. Tukamwambia aweke betri kando ya mkono, apige picha kwa juu. Nikaipeleka picha steshenari, nikawa naikuza na kuipunguza kwenye mashine mpaka betri ya kwenye karatasi ikalingana sawasawa na betri niliyoishika. Nikapiga chapa. Shangazi akaukata mkono ule kwa mkasi wake, akauweka juu ya kitambaa, akapima shibiri za muuguzi kwa mkono wa muuguzi mwenyewe.

Gauni la pili lilikaa kama alilozaliwa nalo.

Basi ikawa hivyo. Ukiagiza nguo kwa Bi Pindo hutumi vipimo vya futi, unatuma hesabu ya shibiri zako na picha ya mkono kando ya betri. Watu waliupenda mchezo huo, wakaambizana. Walikuja watu ambao kwao ni baridi kali wakati sisi tunajipepea, watu ambao wakituma ujumbe asubuhi yao sisi tunaandaa chakula cha jioni. Nami niliyesema mtandao ni soko la wezi nikawa natoka steshenari na bahasha ya mikono ya wageni, naibeba kifuani kwa uangalifu kama mayai. Sitaficha: nilikuwa nikisisimka. Mtu aliye ng'ambo ya bahari anakunyooshea mkono, na baada ya muda mfupi uko mezani kwetu, saizi yake ile ile, unaweza kuuwekea wako juu. Mpaka leo sijazoea.

Shangazi naye alibadilika. Aliacha kukaa ukingoni mwa kiti, akaanza hata kugombana na mama yangu kuhusu chumvi. Nyumba ilipata uhai.

Ndipo ikaja kanuni.

Matapeli walikuwa wamezidi. Wa sabuni hakuwa peke yake. Wapo waliouza nyumba zisizokuwapo na dawa zilizokuwa unga. Serikali ikatangaza kwamba kila anayeuza mtandaoni lazima asajiliwe kwa alama za vidole, na baada ya mwisho wa mwezi, ukurasa usiosajiliwa utafungwa. Niliposikia redioni nilipiga makofi. Nilisema wamechelewa wapi, wawashike hao. Shangazi naye alisema ni jambo jema, mtu anayeuza aonekane. Tukaenda wote kwenye ofisi ya usajili, yeye amevaa gauni lake la heshima.

Karani wa usajili alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kuchoka. Alimwomba aweke kidole gumba kwenye kioo cha mashine. Taa nyekundu. Akampa kitambaa chenye maji apanguse. Nyekundu. Kidole kingine, mkono mwingine, nyekundu tu. Karani akampaka mafuta, akampulizia hewa, akamwambia abonyeze, akamwambia asibonyeze. Mwishowe akainua kiganja cha shangazi, akakisogeza dirishani kwenye mwanga, akakiinamia.

"Mama," alisema taratibu, "vidole vyako vimeenda wapi?"

"Vimeingia kwenye nguo za watu," shangazi akajibu.

Nami nikainama kutazama. Nimelelewa na mikono ile, imenifunga vifungo na kunifuta kamasi, lakini sikuwahi kuitazama. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama kijiko. Pale palipotakiwa kuwa na mistari, ile ambayo kila mtu huzaliwa nayo, hapakuwa na kitu. Pasi na mapindo vilikuwa vimeifuta yote.

Karani alisema mfumo hauna njia nyingine. Bila kidole hakuna namba, bila namba ukurasa unafungwa. Hakulisema kwa kiburi. Aliongeza kwamba kuna kamati itakaa ukumbi wa mji kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu kanuni hii kabla mwezi haujaisha, na mtu anaweza kuhudhuria hata kwa mtandao. "Nenda, mama," alisema. "Mimi mwenyewe nitakuwepo."

Tulipofika nyumbani alipita moja kwa moja sebuleni, akakaa ukingoni mwa kiti. Nilijua kabisa anachokiona mbele yake: zipu za majirani, na kuomba ruhusa ya kusogeza kiti, mpaka uzee.

Niliandika kwenye ukurasa wake maneno machache. Nilisema mashine imeshindwa kusoma vidole vya Bi Pindo kwa sababu ya mapindo yenu, na siku fulani asubuhi atasimama mbele ya kamati, mwenye nafasi aingie asikilize. Nikaweka na anwani ya kuingilia. Sikutegemea kitu. Watu wa mtandaoni, nilijiambia, hupenda nguo. Na fundi ni nani kwao?

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, meza ndefu ya kamati, na ukutani skrini kubwa ambapo waliohudhuria kwa mtandao huonekana kila mmoja katika kidirisha chake. Wengi walikuwa wamefunga kamera, kwa hiyo skrini ilikuwa nyeusi tupu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mtu mzima, sauti ya chini, kalamu mkononi, mtu wa kusikiliza. Wakazungumza wenye maduka makubwa, akazungumza mwanasheria, ikazungumzwa kodi mpaka mtu nyuma yangu akakoroma. Karani wetu alisimama akasema lake kwa ufupi: waashi, wafua nguo, waosha vyombo, wachimba mitaro, mashine inawakataa kila siku, na yeye ndiye anayewarudisha nyumbani. Kamati ikaandika.

Kisha akaitwa shangazi. Alishika kipaza sauti kama mtu aliyekabidhiwa kuku wa mwenzake. Akaeleza kazi yake, akaeleza betri, watu wakacheka kidogo. Akaonyesha vidole vyake, wakanyoosha shingo waone.

Mwenyekiti akamwambia, "Mama, ninakuelewa na ninakuonea huruma. Lakini sikiliza upande wangu. Hawa waliotapeliwa nao ni watu. Sheria inauliza swali moja tu: aliye nyuma ya ukurasa huu ni nani? Kidole kinajibu. Wewe utanijibu kwa kitu gani?"

Lilikuwa swali la haki, nami niliyeuziwa sabuni niliujua uzito wake. Shangazi akanitazama. "Sina, mheshimiwa," akasema. "Nina kazi yangu tu." Akageuka arudi kitini.

Hapo skrini ikawaka kidirisha kimoja.

Haukuonekana uso. Kilionekana kiganja, kimejaza kidirisha chote, kipana, kimenyooshwa kuelekea kamera. Shangazi alisimama katikati ya hatua. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, kwa hiyo ukumbi mzima ukasikia alivyosema kwa pumzi: "Muuguzi wangu!"

Kikawaka kingine. "Huyo ni bwana wa makoti, kidole cha mwisho kimepinda." Kingine. "Huyu ni bibi harusi, yule aliyetaka mikono mirefu. Pete ameshavaa, tazama!" Vidirisha vikaanza kuwaka kila upande, hapa na pale na kule, kiganja baada ya kiganja, vyeusi kwa vyeupe, vya wazee na vya vijana, kimoja kina bendeji, kimoja kimelowa sabuni ya vyombo. Na shangazi yangu akawa anatembea kuelekea skrini huku akiwataja mmoja mmoja. Huyu mwalimu, anapenda mifuko mikubwa. Huyu mama wa mapacha. Huyu ana kovu la kisu, suruali yake ya bluu. Hakutaja jina hata moja, kwa kuwa majina hakuwa akiyajali. Aliwajua kama mama anavyoijua miguu ya wanawe inayochungulia nje ya shuka.

Kisha kikawaka kiganja kimoja upande wa chini, naye akakiinamia, akatikisa kichwa. "Huyu simjui," akasema. "Huyu sijawahi kumshonea."

Nyuma ya ukumbi, kwenye meza ya mitambo, fundi wa skrini, kiganja kimoja kikiwa bado mbele ya kamera yake, aliinua mkono wa pili akiwa na aibu. "Samahani, mheshimiwa mwenyekiti," alisema. "Ni mimi. Nilitaka kuona."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko nikamwona mwenyekiti ameweka kalamu chini. Alikuwa anaitazama skrini, wala hakucheka. Alimuuliza shangazi kwa sauti ndogo, "Hawa wote hujawahi kukutana nao?"

"Hata mmoja, mheshimiwa."

Mwenyekiti alitaka kusema kitu, lakini sauti ya muuguzi ikatangulia kutoka kwenye spika, ile ile ya kicheko, safari hii bila kicheko. "Naomba niseme moja tu. Bi Pindo, mikono yetu unayo yote. Wako hatujawahi kuuona. Hebu tuonyeshe."

Shangazi aliona haya. Kweli, yule mama mwenye maneno aliona haya kama msichana anayetazamwa na wakwe. Aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye gauni la heshima, akauinua mbele ya kamera ya ukumbi. Ukatokea kwenye skrini, katikati ya mikono yote ile, mwembamba, na ncha za vidole zinang'aa bila mstari hata mmoja. Karani wa usajili alikuwa amejiziba mdomo. Mimi nililia, na sijui kwa nini niseme vingine.

Kamati haikubadilisha dunia siku ile. Mwenyekiti alisema sheria haitungwi kwa machozi, na hata machozi yangu yalikubaliana naye. Lakini aliagiza ukurasa wa shangazi usiguswe mpaka kamati iamue, na wengine wote waliokataliwa na mashine vivyo hivyo. Ilipoamua, kanuni iliongezewa kifungu: ambaye vidole vyake havisomeki anaweza kusajiliwa kwa kudhaminiwa na watu aliowahudumia. Karani alituletea habari hiyo mwenyewe, kwa miguu, na hakuondoka mpaka alipopimwa shati. Tapeli wa sabuni, mpaka leo, hajapatikana. Labda vidole vyake vinasomeka vizuri tu.

Jioni ile baada ya ukumbi nilimwambia shangazi aweke mkono mezani. Nikachomoa betri kwenye rimoti ya baba, ambaye alikuwa anatazama mpira na akapiga kelele, nikaiweka kando ya mkono, nikapiga picha. Kesho yake steshenari niliukuza na kuupunguza mpaka betri zikalingana, nikampelekea karatasi, akaukata mwenyewe.

Aliushika mbele ya ukuta akitafuta pa kuubandika. Akauweka juu ya mkono wa muuguzi ili alinganishe, na wa muuguzi ukatokeza pande zote.

"Kumbe mkono wangu ni mdogo hivi," akasema.

"Ndiyo maana lile gauni lilimtosha mtoto, shangazi."

Hakucheka, nami nilitegemea angecheka. Alitafuta kipande cha kitambaa cha kuushikizia, kisha akakumbuka kwamba miaka yote hiyo hajawahi kujishonea nguo kwenye meza ile. Akachukua mkasi, akalitoa gauni lake la heshima, lile alilolivaa ukumbini, akakata kipande kidogo kwenye upindo wake. Akaubandika mkono wake katikati ya mingine, akaulaza kwa ncha za vidole, polepole, kama anavyolaza mkunjo.

Halafu akavuta kiti bila kumwomba mtu, akakaa, akaegemea. "Washa simu basi," akaniambia. "Kuna mtu huko anasubiri kupimwa."